Mwalimu Amerudi Mbioni

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa simu mjini Kitui, mama mmoja hodari, alipoingia mwalimu mstaafu akaweka kwenye kaunta gari dogo la rimoti lenye matairi ya meno.

"Ni la mjukuu?" fundi akauliza.

"Ni langu, mama. Tulikuwa tukiyashindanisha na wenzangu kwenye mchanga. Niliacha mashindano mke wangu alipougua, pesa yote ikaenda hospitali. Sasa amepona, ameniambia nirudi. Lakini betri imekufa, na mpya siwezi kununua."

Wateja wawili waliokuwa wakimcheka wakasogea kuona. Fundi akafungua betri ya laptopu iliyokufa, akapima seli moja moja, akaunganisha zile zilizokuwa bado nzima, akazifunga kwenye gari.

"Halitakimbia kama lenye betri mpya, mwalimu."

"Likimbie tu."

Tukatoka sote nje. Gari likaruka tuta, likapinduka, magurudumu yakazunguka hewani. Mwalimu akalikimbilia ameshika kofia, kisha akampigia mkewe simu.

"Mama, limepinduka!"

Nimesikia wengi wakitangaza ajali. Huyu ndiye wa kwanza kuitangaza kama harusi.