Mahali na Mahari

Ilianza Jumatano, saa kumi na robo jioni, wiki ya pili ya likizo. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetumwa sebuleni kutia ufunguo saa ya ukutani, na dirishani nikamsikia baba akimwambia mama, "Wageni wanakuja kesho kuona mahari. Huyo mbwa apelekwe kwa jirani."

Baba ni mtu wa Bungoma. Kinywani mwake r na l hubadilishana viti, na mimi niliyezaliwa Kitale nimezoea kuchagua mwenyewe herufi inayofaa. Akisema anaenda kurara, najua anaenda kulala. Jioni ile nilichagua vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na sita, fomu ya pili, na wasichana wawili wa darasa letu hawakuwa wamerudi muhula uliopita kwa sababu ya wageni kama hao.

Si ningeuliza tu? Lakini mimi si mtu wa kuuliza. Hata shuleni naweza kukaa na kiu mpaka mwalimu atoke. Nilimwuliza mama ni wageni gani, akasema ni wa baba yako, na nisimwambie mtu, watu wa mtaa huu wana midomo. Kisha akanitazama usoni kwa muda. Nikadhani nimeelewa.

Alfajiri tukaanza kazi. Tulipaka kuta chokaa, tukasiriba sakafu ya sebule kwa samadi mbichi ya ng'ombe. Paka alikuwa amezaa chini ya kitanda cha wazazi. Mama akachoma magunia aliyolalia, akamhamishia jikoni na vitoto vyake ndani ya karai. Ati wageni wakisikia harufu ya paka watadhani nyumba nzima ni choo. Nikajiuliza, sasa mtu anayekuja kuposa ana shida gani na paka? Nikajijibu kwamba pengine ndivyo wanavyopima usafi wa msichana.

Mbwa sikumpeleka kwa jirani. Nilimfunga nyuma ya jiko, nikasema nimempeleka. Alikuwa wangu, nilimlea tangu akitosha kwenye sufuria. Hana ubaya na mtu, ila kofia hazipendi. Hata mhubiri wetu huvua yake barabarani kabla hajafika mlangoni.

Wageni walifika saa nane mchana, mzee mmoja wa Kimilili mwenye kofia ya kijivu, pamoja na mkewe. Nikiwa jikoni niliwasikia wakizunguka. Mzee aligonga kitu mara tatu, akauliza, "Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita," baba akajibu, kwa majivuno kabisa.

Kwetu huku "iko" ni ya kila kitu: mtu, ng'ombe, baiskeli. Sikungoja kusikia zaidi. Mikono yangu ilifungua kamba kabla mimi mwenyewe sijaamua.

Mbwa alipita katikati ya sakafu mbichi, akamrukia mzee begani, akashuka na kofia mdomoni, ukingo umechanika. Alipogeuka aliegemeza miguu ukutani, na chokaa yetu ya asubuhi ikabaki na michirizi ya samadi. Mama akashika kichwa. Baba aliniita kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ile ya juu. Mbele ya wageni nikatoa maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema mwaka mzima: sitaki kuolewa, nataka kumaliza shule, na ng'ombe wao wakae nao.

Baba akawatazama wageni, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameongea mambo ya kuolewa?" baba akauliza.

"Wewe, baba. Ulisema mahari."

"Ndiyo, mahari." Akapiga sakafu kwa kiatu, samadi ikaruka. "Mahari. Hapa. Hapa tunakaa."

Mke wa mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Ndipo nikaambiwa kwamba nyumba inauzwa, ile ile baba aliyoijenga mwaka niliozaliwa, na kwamba sisi tunarudi Bungoma kwa babu. "Hiyo shule yako itamalizwa na pesa ya hii nyumba," baba akasema. Sikujua nifurahi au nilie. Nilikuwa nimepigania nisiondolewe nyumbani, kumbe tunaondoka wote, na ni kwa ajili yangu.

Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mbwa, ambaye bado alikuwa ameng'ang'ania kofia.

"Huku mjini wezi ni wengi," akasema. "Nyumba nachukua. Lakini hiyo mbwa ibaki. Bila mbwa, sitaki."

Baba akanigeukia. "Mbwa ni yake. Yeye ndiye amefungua, yeye ajibu."

Nikaitikia kwa kichwa. Hata sasa ninapoandika sijui kama nilikuwa nakubali au nilikuwa tu nimechoka kutazamwa. Mzee akasema atarudi Jumamosi, na kofia ataikuta imeshonwa.

Asubuhi iliyofuata niliishona kwa uzi mweusi, maana wa kijivu hatukuwa nao. Kisha nikaivaa, ikanishuka mpaka masikioni, nikaenda kukaa chini nyuma ya jiko, karibu na mbwa wangu. Aliningurumia kama mgeni. Sikumwita wala sikuivua; kofia hiyo ndiyo angebaki nayo. Nilimnyooshea mkono tu nikangoja, mpaka akaja, akanusa vidole vyangu, halafu akanusa kofia.