Boneti ya Moto kwa Mzee Karisa

Mtaa wa Magongo kwa sasa naupita nimeinamisha kichwa. Mama mkwe ndiye aliyenitafutia gari: stesheni wagoni ya dizeli, kuukuu kidogo, ya Mzee Karisa, wanayesali naye kanisa moja. Akasema naye angependa kuliona.

Fundi wangu alinionya kwamba dizeli hujaribiwa asubuhi ikiwa baridi, maana injini ikishapata moto huficha ubovu wake. Basi Jumamosi mapema nikafika kwa Mzee huko Magongo na, bila hata salamu, nikagusa boneti. Moto!

"Mzee, umeliwasha kabla sijafika!" nikafoka, majirani wakichungulia na miswaki mdomoni. "Gari zima halipashwi kama kiporo!"

"Mwanangu, nilikuwa..."

"Sema kweli, huwaka kwa kusukumwa!"

Mzee akanitazama kwa huruma, akafungua mlango wa nyuma wenye kioo cheusi. Akashuka mama mkwe na leso zake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba." Akanipangusa jasho kwa ncha ya leso. "Gari limenitoa kwangu Mtopanga bila kukohoa. Kibovu ni kichwa chako. Si ulisema utanipitia?"