Kigari cha Gofu Chapandishwa Mlima

Wananchi wa Mwigobero, waliosimama na waliokalia ndoo, wanatangaziwa rasmi kwamba kigari cha gofu kimenyanyuliwa, na mawe ya njia ya mlimani Kiriba hayatagusa tena tumbo lake. Aliyekinyanyua ni fundi mmoja mwembamba, mwenye mazoea ya kulaza kiganja juu ya mota kama anayempima mtoto homa. Ametia vyuma chini ya springi, bodi ikapanda. Lakini matairi makubwa aliyoletewa ameyasukuma kando kwa mguu. "Ukivalisha hayo, mota itaona mlima hata kwenye tambarare," alimwambia Luhende, dereva wa hoteli ya ufukweni, ambaye bosi wake ameshaapa kwamba mota ikiungua, na kazi imeungua.

Ikabaki kukijaribu mlimani na mzigo. Luhende akampakia mama mmoja wa sokoni, mnene wa haki, na magunia yake ya dagaa. Fundi alipogeuka na kumwona, akakataa kupanda. Akafuata nyuma kwa miguu, mbali kidogo, uso kaugeuzia ziwani, kimya, hadi kileleni. Luhende aliona huo ndio ufundi wenyewe; akaendesha taratibu, hata kukohoa akaogopa. Mama aliposhuka na kwenda zake, ndipo fundi akasogea, akalaza kiganja. Mota ilikuwa vuguvugu tu.

"Fundi," Luhende akanong'ona, "kumbe huwa unaisikilizaga kwa mbali vile?"

"Hapana. Umempakia mama mkwe wangu."