Spika Zilizomeza Msumeno

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na nyumba yangu hapa Langoni imepakana na karakana ya maseremala. Msumeno wao ulinichosha, nikaingia duka linalotazamana nao kutafuta spika za masikioni zisizo na waya, za kuzuia kelele, bora ziwe za bei nafuu.

Nilijaribu za ghali, msumeno ulipenya. Za rahisi kabisa nikazifungulia taarabu, sauti juu. Nilipozima wimbo, kimya!

“Hizi ndizo,” nikamwambia Bwana Shee, mwenye duka, kama mjuzi. “Zimeumeza msumeno mzima.”

Nikazivua. Kimya kilekile.

Bwana Shee alikuwa mlangoni, kufuli mkononi.

“Maalim,” akasema kwa adabu, “mafundi wamekwenda kuswali. Adhana ilitoka wakati ule ukitikisa kichwa.”