Kakangu na Madirisha ya Maduka

Mama alinituma Minnesota na swali moja: kwa nini kakangu Mwakio husema kila mwaka kwamba atakuja nyumbani, halafu haji? Kwetu Taita gari huishia barabarani, kisha unapanda mlima kwa miguu. Mama alikwisha kuamua kwamba mwanawe ameanza kujidai.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, Mwakio alinipokea kwa kicheko. "Karibu, mjumbe wa Mama! Umekuja na pingu?" Akanipeleka kwake, katika mji wa Crystal, ambako anafanya kazi ya kuhudumia wazee.

Jumamosi tulikwenda Bloomington, kwenye jengo la maduka ambamo watu hutembea kujinyoosha wakati wa baridi. Kila tukienda kidogo, Mwakio alisimama kutazama dirisha. Kwanza mikoba ya kina mama. Kisha nguo za watoto wachanga, naye hana mtoto. Mara ya tatu nilimtazama yeye. Alikuwa akikanda shavu la mguu wa kushoto.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Nikisimama, maumivu yanaisha. Sasa mlima ule, dada, nitaupandaje watu wote wakinitazama?"

"Mzee wako mmoja wa kazini angekwambia hivyo, ungefanyaje?"

"Ningempeleka hospitali siku hiyo hiyo."

"Basi twende, mzee."

Wiki iliyofuata, katika kliniki mjini Maplewood, mtaalamu wa picha za mwili alimpima Mwakio presha ya mikono na ya vifundo vya miguu. Ya kifundo cha kushoto ilikuwa chini. Akampaka jeli pajani na kupitisha kifaa cha ultrasaundi. Kwenye skrini damu ilipita nyekundu, spika ikivuma kwa mapigo. Katikati ya paja rangi zikavurugika, sauti ikawa kali, kama maji yanapobanwa mdomoni mwa mpira wa kumwagilia. Mwakio aliacha utani.

"Mguu utakatwa?" alimuuliza daktari.

"Hapana. Mshipa umekuwa mwembamba, haujaziba. Acha sigara, meza dawa, tembea kila siku. Ukiumia sana simama, ukitulia endelea."

"Kumbe madirisha ni matibabu!"

Niliporudi nyumbani, Mama hakungoja niketi. "Umemwona?"

"Nimemwona mpaka mishipa ya damu."

Nilipomweleza, alisema, "Na nilivyomsema!"

Asubuhi nilimkuta mlimani na viti vya plastiki vya sebuleni. Kimoja alikiweka kwenye kona ya kwanza, akakikalia, akainuka na kukisogeza chini kidogo.

"Mpigie simu," alisema. "Mwambie mlima una viti."