Sherifu na Lori la Mahindi

Jumapili moja mvua ilitufungia ndani ya fleti yetu mtaani Ladywood, huku ughaibuni. Baba, aliyekuja kuishi nami baada ya Mama kufariki, alikuwa akitazama filamu ya zamani ya kauboi kwenye televisheni. Ilitengenezwa kwa bei ya chini kabisa: sherifu akibamiza mlango, milima ya nyuma, iliyochorwa tu, inatikisika. Binti yangu akacheka. Baba hakucheka.

Sherifu alikuwa amemtia ndani tajiri mmoja mwizi wa ng'ombe. Hakimu, aliyekuwa akila sahani moja na tajiri huyo, akaamuru aachiliwe. Sherifu akavuta kiti, akaketi mbele ya seli.

"Hebu isimamishe kidogo," Baba akaniambia.

Nikaisimamisha. Ndipo akatueleza kwamba, alipokuwa sajini wa polisi Kenya, alikamata lori la mahindi ya msaada yakipelekwa kuuzwa. Mwenye mzigo alikuwa mkubwa wa wilaya. Simu ikapigwa kutoka juu: liachie. Akakataa. Mwezi haukuisha kabla hajahamishiwa mpakani, kituo kisicho hata na maji.

"Mama alituambia mimi na kaka kwamba umepandishwa cheo," nikasema. "Kwamba ndiyo maana tunahama."

Baba akanigeukia. "Aliwaambia hivyo?"

"Nilijigamba shule nzima."

Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaikunja taratibu. "Siku ile tunafunga mizigo alikuwa akiimba," alisema. "Nikadhani hajali."

Binti yangu huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Akamuuliza babu yake kama alijuta.

"Nilijuta, mjukuu wangu. Nilipoondoka tu, lori likaachiliwa. Wenye njaa hawakuyaona yale mahindi." Akafikiri. "Lakini kuliachia kwa mkono wangu mimi, hapana."

Tukaimalizia filamu. Mji mzima ulitoka kumpigia sherifu makofi. Baba akainuka kwenda kutia udhu.

Usiku nilimpigia simu kaka yangu, anayeishi Kingstanding, mtaa mwingine wa jiji hili hili. Uhamisho ule ulimuumiza kuliko sote: alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, akafeli mtihani, na tangu hapo huzungumza na Baba kwa mkato. Nikamsimulia yote. Nilisikia wanawe wakigombana huko nyuma.

"Kumbe," kaka akasema. Kisha akauliza kama Baba bado yuko macho, nimpe simu.