Siku Mjukuu Wangu Alipotua kwa Mikono Yake

Majina ya wote waliokaa karibu nami kwenye ile ndege ninayo mpaka leo, maana niliwauliza mmoja mmoja, ila humu siyaandiki. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kutibiwa macho, narudi kwetu Tabora. Rubani msaidizi alikuwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu.

Jana yake alinieleza jambo likaninyima raha. Ndege ikishapaa, kuna mtambo unaiendesha wenyewe, rubani anabaki kuutazama. Yeye amezoea mno kuuachia, na rubani mkuu, mkubwa wake, amemwona. "Kesho tukishaiona Tabora nauzima, bibi, natua kwa mikono. Nikivurunda narudishwa darasani."

Nikamwambia habari ya babu yake. Maksai wetu waliijua njia ya kutoka shambani, naye alikuwa akilala juu ya magunia ya karanga, mkokoteni unakwenda. Tulipohamia kijiji kingine akalala vilevile. Maksai wakampeleka nyumba ya zamani, akaamka mbele ya wenyeji wapya wanakula.

"Akafanyaje?"

"Akanawa, akala. Wewe huko juu utanawa wapi?"

Alicheka, ila kidogo.

Asubuhi akanipokea mlangoni mwa ndege. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Ukiniangusha leo, babu anabaki wako peke yako."

"Simtaki, anakoroma."

Njia nzima ndege ilitulia kama imewekwa mezani. Kisha nikaona mashamba ya tumbaku chini, na upepo ukatupiga ubavuni. Bawa la upande wangu likainuka, likashuka. Nikashika rozari.

"Huyu rubani vipi?" akauliza mzee wa pembeni.

"Anaendesha. Nyamaza."

Gurudumu moja likagusa, halafu la pili, halafu tukawa tunatembea barabarani kama watu wengine.

Mkubwa wake alisimama mlangoni kuaga abiria. Sikungoja salamu. "Mtoto anarudi darasani?"

"Harudi, mama. Mtambo tunauhitaji, unatupunguzia uchovu. Ila hali ya hewa ikiwa nzuri, atauzima atue mwenyewe, mikono isisahau."

Nikashuka. Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, watu wakanipita na mizigo yao. Mjukuu wangu akaja kuniinua, viganja vyake vimelowa jasho.

"Futia kwenye khanga yangu," nikamwambia, "kisha unishike vizuri."